Mradi Ni Wenu, Msiuguse

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na mbele ya mlima wenyewe, kwamba kuanzia siku hiyo bomba la maji la kitongoji kimoja kule Oldonyo Sambu ni mali ya wananchi, na kwa sababu hiyo mwananchi yeyote asiliguse bila kibali cha ofisi ya mradi.

Tangazo lilitungwa na Elinaza, Afisa Ushirikishwaji, binti mpole aliyetoka chuo juzi tu, ambaye sauti yake hata kipaza sauti kilishindwa kuikuza. Aliliona limekaa vizuri. Sheria ndogo nayo aliitunga yeye: atakayetoboa bomba atalifukua na kuliziba mwenyewe, papo hapo, bila kujali umri, ukoo wala cheo. Neno cheo aliliongeza mwishoni, kwa kuwa sentensi ilionekana fupi.

Ilibaki kusimamisha bango la mradi. Meneja wake, Bwana Abdiel, alishuka kwenye gari akiwa na sururu mpya ili achimbe shimo mbele ya mpiga picha. Alichagua mahali ambapo mlima ungeonekana vizuri nyuma yake.

Nasieku, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimsogelea Elinaza akamwambia hapo ndipo bomba linapopita. Mtaro waliuchimba wao wenyewe, kina mama kwa kina baba. Ndoo zilikuwa zimeshapangwa foleni kwenye kilula, kituo cha kuchotea maji, na bila bomba lile safari ilikuwa ya korongoni, kule ng'ombe wanakokunywa.

"Maoni yamepokelewa, yeyo," alisema Elinaza, akimwita mama kwa Kimaasai, na kweli aliyapokea. Kuyapeleka kwa Meneja ndiko alikoshindwa. Semina ya ushirikishwaji ilikuwa imefundisha kupokea tu.

Meneja alipiga sururu mara moja. Maji yakaruka, yakamlowesha suti, tai na hotuba.

Alijifuta uso, akaagiza kina baba wachukue machepe haraka. Hakuna aliyesogea.

"Tungependa sana, baba," alisema Nasieku kwa upole. "Ila hatuna kibali."

"Basi fundi atatoka mjini kesho."

"Na leo tunywe nini? Sheria inasema papo hapo. Mmetuletea wenyewe, tukapiga makofi."

Meneja akamgeukia Elinaza, akamuuliza kama hakuna kifungu cha kuwatoa viongozi. Elinaza alizitazama ndoo, akayatazama maji yanavyopotelea kwenye vumbi. Kisha akashika kipaza sauti.

"Bila kujali cheo," alisoma, na kwa mara ya kwanza watu wa nyuma walimsikia. "Samahani, bosi," akaongeza, kwa sauti ileile.

Zoezi lilifanikiwa. Meneja alishirikishwa kwa chepe. Elinaza, kwa kupokea maoni bila kuyafikisha, alishirikishwa kwa ndoo ya kuchotea tope. Kina mama walikaa juu ya madumu yao wakitoa maoni, na safari hii yalifika yote.

Alasiri maji yalirudi. Picha nayo ilitoka nzuri: mlima ulionekana wote, Meneja, akiwa shimoni, kuanzia kifuani kwenda juu.