Takataka Zilizo Juu ya Mti wa Kinamasi

Leo nimefedheheka, ndugu zangu, tena mchana kweupe, mbele ya watu wa mudugudu, mtaa wetu mzima. Naeleza mwenyewe ili kumbukumbu ziwe sahihi, maana jirani yangu Mama Keza ameshaanza kueleza kwa namna yake.

Baada ya umuganda wa asubuhi, ile kazi ya pamoja ya usafi, tulibaki kando ya kinamasi, hapa chini ya Kagugu, ili tumchague mshauri wa mazingira. Utaratibu ni ule ule: mgombea husimama, na wanaomtaka hupanga mstari nyuma yake. Mgombea alikuwa mmoja tu. Mimi! (Nilivaa tai. Kwenye umuganda. Endeleeni kusoma.) Tangu nistaafu ukaguzi wa majengo, hakuna aliyeniomba ushauri wa jambo lolote, hata nyumbani kwangu. Nafasi hii niliitaka mno.

Nikahutubia. Nilisema kila kiumbe kina makazi yake: tembo na twiga kwenye mbuga ya Akagera, sokwe kwenye msitu wa Nyungwe, na hapa kwetu, ndani ya mafunjo, vyura, kambare na ndege.

"Makazi hayo tuyatambue na tuyaheshimu!"

Wakapiga makofi. Ningeketi hapo, sasa hivi ningekuwa mshauri.

Badala yake nikainua macho. Juu ya mti ulio ukingoni palikuwa na rundo ambalo mtu mzima angeweza kukaa ndani yake: vijiti, matope, nyasi kavu, kipande cha chandarua, ndala ya bluu. Katika jiji la Kigali! Damu ikanichemka.

"Nani amelundika takataka hizi?"

"Labda ni watoto, muzee," akasema mkuu wa mudugudu.

"Hapana, mheshimiwa! Hii ni kazi ya mtu mzima, tena mwenye dharau. Hatuondoki hapa mpaka mhusika ajitokeze!"

Kisha mbawa zikasikika.

Alikuwa ndege wa kahawia, kichwa kama nyundo, kijiti mdomoni. Akatua juu ya rundo. Akakipachika kile kijiti, akakitazama, hakuridhika, akakigeuza. Ndipo akaruka chini kidogo na kuingia kwa mlango wa ubavuni. Fundichuma! Yuko nyumbani kwake!

"Muzee, mwenyewe iko hapa!" Mama Keza akapaza sauti. "Muulize!"

Sikuuliza. Nilikuwa tayari naikagua nyumba. Mlango umeelekezwa chini, mvua isiingie. Kizingiti kimesiribwa matope, laini kama kwa mwiko. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kukabidhiwa jengo lililomalizika vile.

"Kazi safi sana," nikajikuta nasema. (Kwa sauti.)

"Basi mimi napigia huyo kura," akajibu Mama Keza. "Yeye iko anajenga na takataka. Wewe iko unazipigia kelele tu!"

Akaenda kusimama nyuma ya mti. Mumewe akamfuata. Kisha mtaa mzima, wakicheka hadi kushikana mabega. Mkuu wa mudugudu alijaribu kutuliza watu huku akifuta machozi. Nyuma yangu hapakuwa na mtu hata mmoja.

Nikalegeza tai, nikaenda kupanga mstari nyuma ya mti.

"Na wewe, muzee?"

"Na mimi. Nimeiona kazi yake."

Naomba asicheke mtu. Uchaguzi ulikuwa huru na wa haki.