Nafasi Moja Kundi la Njiwa

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimemwandikisha binti yangu shule ya dansi. Yaani, karibu nimwandikishe. Mama Watoto alinituma tangu mwezi uliopita, nikawa nasema kesho, kesho. Leo asubuhi, kabla ya kwenda zamu yake ya uuguzi, alinitazama kwa jicho lile. Nikaning'iniza mashine, nikafunga kibanda changu cha kinyozi, nikaenda.

Mlangoni wamebandika masharti. Miaka mitano na sita, Kundi la Njiwa. Saba na kuendelea, Kundi la Korongo. Nywele zifungwe nyuma. Anayechelewa anakaa pembeni na kutazama wenzake. Mzazi haingii darasani. Nimeyasoma mara mbili, sikuelewa. Mtoto wangu, miguu nimempa mimi, halafu nisiingie?

Binti ana miaka sita. Lakini mapacha wa jirani yangu, muuza viatu wa mlango wa pili, wako Korongo. Kila asubuhi Baba Pacha anasimama mlangoni kwangu kuwaeleza wateja wangu jinsi wanavyoruka. Nimechoka! Nikamwambia karani kwamba binti ana saba. Akasema Korongo imejaa. Nikashuka: sita. Akasema Njiwa ipo nafasi moja, ila mtoto ana sita au saba? Nikaona anasitasita, nikajua bado tunaweza kupatana. Nikashuka tena: mitano.

Akaweka kalamu chini. Akasema nilete cheti cha kuzaliwa.

Sielewi. Mimi ndiye niliyeshuka, yeye ndiye aliyenuna.

Nyumbani nilisema mambo yako njiani. Binti alishangilia mpaka mdogo wake akaamka.

Jumanne, 10 Machi

Cheti kiko kwenye mkoba wa Mama Watoto. Nikikiomba, atauliza kwa nini sikwenda nacho jana kama alivyoniambia. Kwa hiyo sikukiomba.

Mpango: karani naye ni binadamu. Nilimvizia mchana akitoka kula, nikamwahidi kunyolewa bure mwaka mzima, mradi anishikie nafasi. Akavua kofia. Kipara kitupu, kinang'aa kama sahani! Nikasema basi, ndevu. Hana ndevu.

Jioni Mama Watoto alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Yeye na binti walikuwa wakinong'ona jikoni, nilipoingia wakanyamaza. Nadhani wananiandalia zawadi.

Jumatano, 11 Machi

Nimekwisha! Nafasi ya Njiwa imechukuliwa. Karani anasema jana alasiri alikuja mama mmoja na cheti mkononi, mambo yakaisha hapo hapo. Nikauliza ni nani. Akasema mama mmoja mpole, amevaa sare nyeupe, anajua umri wa mtoto wake. Sijui hilo la mwisho alikuwa na maana gani.

Niliporudi, binti alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, ameshika ukingo wa meza. Akaniambia nitazame. Akaachia meza, akayumba, akasimama. Nilishindwa kumwambia. Mtoto huyu anaipenda dansi kwelikweli, wala si kwa ajili ya mapacha wa mtu. Nikamwapia kwamba Jumamosi atacheza, liwalo na liwe. Akacheka, akasema anajua.

Maskini, anavyoniamini!

Alhamisi, 12 Machi

Nimepata dawa. Yule mama wa sare nyeupe amwondoe mtoto wake kwa hiari yake mwenyewe. Nani atamwacha mwanawe mahali pa hatari?

Asubuhi, nikimnyoa dereva wa teksi, nilisema kwa huzuni kwamba sakafu ya shule ya dansi imeoza, na mguu wa mtoto mmoja umezama hadi gotini. Mteja wa pili nikamtajia watoto wawili. Wa tatu alinisimulia yeye: ni wanne, na mmoja amelazwa. Nilishtuka sana. Nilisahau kidogo kwamba habari hiyo nimeianzisha mwenyewe.

Ijumaa, 13 Machi

Hata sijui nianzie wapi.

Mama Watoto amerudi kutoka zamu, akaingia ndani bila kuvua viatu. Huko kazini wagonjwa wanasimulia kwamba sakafu ya shule ya dansi inavunja watoto miguu. Akasema, "Kesho haendi. Namtoa."

Nikauliza anamtoaje, naye hajaingia.

Akasema alimwandikisha mwenyewe Jumanne, akitoka kazini. Alijua nikiachiwa mimi tutazeeka. Nikamtazama. Sare nyeupe. Sare ile ile ninayoianika mimi kwenye kamba kila wiki!

Binti alikuwa amesimama kati yetu. Akaanza kulia, kile kilio chake cha kimyakimya, mabega tu ndiyo yanatikisika. Nikasema sakafu ni nzima. Mama Watoto akauliza nimejuaje. Nikasema nimeambiwa na kinyozi. Akauliza kinyozi yupi.

Nikatafuta kinyozi mwingine kichwani, sikumpata.

"Ni mimi," nikasema.

Nikaeleza yote: saba, sita, mitano, kipara, sakafu. Mama Watoto aliketi, akaniangalia kama anayepima homa. Hakuuliza kwa nini. Nadhani naye alikuwa amechanganyikiwa. Binti akajifuta machozi kwa mkono wa nguo yake, akasema:

"Mama alisema tusikwambie mpaka Jumamosi, usije ukaharibu."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Nimepewa amri. Kesho nimwambie karani ukweli, kisha kila mteja, na Baba Pacha pia.

Jumamosi, 14 Machi

Tumefika mapema. Nywele kazifunga mama yake, mimi kazi yangu ni kuzipunguza tu. Binti akaingia bila kugeuka nyuma. Mimi na benchi.

Pazia lina upenyo. Nilichungulia mara moja tu. Mikono juu, kidevu juu, hamtazami mtu. Hakuyumba. Machozi yakanitoka, nikamwambia karani kuna vumbi. Akasema wamefagia.

Nikamweleza habari ya sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Kisha akaniambia jana jioni baba mmoja alikuja mbio akawaondoa wanawe wawili kutoka Korongo. Mapacha.

Nikaketi tena kwenye benchi.

Binti alitoka anameremeta, jasho hadi shingoni. Anasema Njiwa ndiyo kundi lake, na hataki kuhama mpaka atimize saba. Njia nzima alitembea kwa vidole. Mama Watoto alinishika mkono, jambo ambalo sikulitegemea wiki hii.

Jumapili, 15 Machi

Nimejirekebisha. Nimewazungukia wateja wangu nikawaambia ukweli. Hawakuniamini. Yule wa tatu ameniambia nisitishwe na wenye shule, nisimame na ukweli.

Bado Baba Pacha. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa amekaa katikati ya viatu vyake, kimya, hana hadithi ya kuruka. Nilimhurumia. Nikamsalimu, nikaulizia viatu, nikarudi. Nitamwambia, lazima nimwambie, ni haki yake. Wiki hii hivi, au ile nyingine.

Maana nimekuwa nikiwaza. Wametoka wawili Korongo. Hizo ni nafasi mbili, ziko wazi, hakuna anayezitazama! Binti anasema hataki, lakini mtoto anajua nini? Na kosa langu la Jumatatu sasa nimeliona vizuri kabisa. Nilianza chini mno.

Kesho nampitia karani kabla sijafungua kibanda. Nitaanza na miaka minane. Akipunguza, tutakutana kwenye saba.