Seli Hungoja Kuitwa

Jumanne, 10 Juni
Ukungu umeshuka Meru mpaka dirisha la maabara. Mwalimu Karimi, binti anayesomea shahada ya pili, alinieleza utafiti wake: seli changa zinazozungushia neva ala ya mafuta ili habari zipite kasi. Seli hairukii neva tu, alisema. Ishara moja huiambia igawanyike, nyingine ingoje kwanza, mpaka neva yenyewe iite na kusema izungushwe mara ngapi. Nikaelewa. Mimi Kiunga, mtunza maabara, ndiye seli! Yeye neva! Nimevunja mirija miwili ya kioo nikiota.

Jumatano, 11 Juni
Anahitaji kielelezo cha kuonyesha wenzake. Nikajitolea kabla hajamaliza kusema. Vijiti vya miraa ndivyo neva, majani ya mgomba ndiyo ala. Nimezungusha, nikazungusha, nikimwona Karimi katika kila jani. Mbae, mwalimu wa fizikia, akauliza kama kuna aliyeniita. Wivu! Mtu wa Kiambere, kwao ni muguka tu, majani ya kutafuna yasiyofungwa. Atajua nini kuhusu kufunga miraa?

Jumamosi, 14 Juni
Mpango umeiva. Mbae apeleke kielelezo kwa kina Karimi. Yeye mbeba mzigo, mimi jina linalotajwa. Nimemwambia avae suti, ile ni nyumba ya heshima. Nimeshinda kitandani nikiichekea dari.

Jumapili, 15 Juni
Maskini mimi! Babake Karimi alimwona kijana wa suti mlangoni, mkononi miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Miraa ya posa hiyo! Akaita wazee. Kwetu ikifunguliwa na kutafunwa, posa imekubaliwa. Mbae anaapa alijaribu kueleza. Lakini Karimi alipoulizwa, akatazama chini, akatabasamu, akasema wafungue. Basi Mbae naye akaacha kueleza, akaketi. Wazee wakatafuna neva zangu zote. Nimelia mpaka mto ukalowa.

Jumatatu, 16 Juni
Ukungu tena, mzuri ajabu. Karimi alikuja maabara akinong'ona, eti nimfungie miraa ya wazee siku ya mahari. Alisema Meru nzima hakuna anayezungusha majani kama mimi. Amekuja mwenyewe! Hakumwomba Mbae! Kumbe siku zote hizi nilikuwa kwenye ishara ya kungoja. Leo neva imeita. Kesho alfajiri naenda kukata majani ya mgomba.