Kitanda Kisichosukumwa

Jumatatu, 6 Julai

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa baa. Mashindano ya kukimbiza vitanda vya magurudumu ni Jumamosi, kutoka kanisani hadi bwawa la bata. Mwaka jana tulishika mkia. Shemeji yangu Norris alizimia mbele ya duka la mikate, na mke wangu Doreen, aliyekuwa amelala kitandani kama kanuni zinavyotaka, akashuka akamalizia kwa miguu. Kwaya ya kanisa ikabeba kombe huku ikiimba. Ikiimba!

Lakini mwaka huu! Mwenyekiti wa kamati ni Bi Winifred Garside, aliyenifundisha Kiingereza shuleni na kuniambia mbele ya wenzangu kwamba sina akili ya lugha. Na kaandika nini? Kwamba kila timu itakipeleka kitanda mbele, na kitenzi alichokitumia ni "propel". Si "push"! "Push" ni mikono, jasho na Norris chini. "Propel" ni nguvu yoyote ile: injini, upepo, baruti.

Nimemwambia Doreen. Alikuwa akimenya viazi. Kasema, "Cedric, mwaka huu sukuma tu kama watu wengine."

Hana maono.

Jumanne, 7 Julai

Nimeazima mitungi ya kuzimia moto kutoka klabu ya kriketi. Klabu haina habari. Tukaifunga nyuma ya kitanda, uani. Nikafungua. Povu! Kitanda kilisogea urefu wa kiatu. Norris hakuonekana tena mpaka tulipommwagia maji. Bi Garside alikuwa akipita na mbwa wake. Akageuka kuelekea baa. Mbwa alicheka, naapa.

Jioni tangazo limebadilishwa. Sasa ni "push".

Jumatano, 8 Julai

Anadhani kaniweza. Haya, "push" ni kusukuma, lakini nani kasema lazima iwe mikono? Mzee Thackray ana kondoo dume anayesukuma kwa kichwa chochote kilicho mbele yake. Lango. Trekta. Kasisi. Tukamsimamisha nyuma ya kitanda. Akakitazama kitanda. Akamtazama Norris. Akamchagua Norris.

Kikumbo alichopigwa shemeji kilimtupa mtaroni. Kwa Kiingereza sahihi hiyo si "push" tena, ni "shove", kusukuma kusiko na adabu. Nilimweleza Norris tofauti hiyo akiwa bado mtaroni. Akaniuliza kama nina kinyongo naye. Watu hawataki kuelimika.

Ijumaa, 10 Julai

Bi Garside kanikabili baa, mikono kiunoni, watu wote wakisikiliza.

"Blenkin, tangu utoto wako husomi sentensi ili uielewe. Unatafuta tundu la kutorokea."

"Mwalimu," nikamjibu, "na aliyeiacha sentensi na tundu ni nani?"

Akawa mwekundu hadi masikioni. Akapiga meza, akatangaza kanuni mpya hapo hapo: kila timu ita-"drive" kitanda chake kwa nguvu zake yenyewe, na kwamba hataki kusikia tena jina langu.

"Drive"! Nilikaribia kumbusu. Kwa kitenzi hicho unaendesha gari, unaswaga ng'ombe, unapigilia msumari. Na "nguvu zake yenyewe"? Mashine ya kukatia nyasi ni yangu. Basi nguvu zake ni zangu. Nimeifunga injini yake kitandani.

Doreen kaapa kwamba nikimwaibisha kesho, mwakani atalala kitanda cha kwaya. Nimemhakikishia hatasukumwa hata kidogo.

Jumamosi, 11 Julai

Tumeshinda! Nataka hilo liandikwe kwanza, kabla ya mengine.

Filimbi ililia. Nikavuta kamba, injini ikanguruma. Kitanda kikaondoka. Kwa bahati mbaya kiliondoka kabla sisi hatujakishika. Doreen alikaa wima akishikilia kofia yake na kuita jina langu, kisha majina mengine. Akaipita kwaya, ambayo iliacha kuimba. Akalipita duka la mikate. Akaukata utepe wa kumalizia, mbele kabisa ya kila mtu, akaendelea moja kwa moja ndani ya bwawa.

Aliyeingia majini kumtoa alikuwa Bi Garside, na viatu vyake vya kanisani. Mimi nilikuwa nimeenda kudai kombe.

Akarudi akichuruzika. Akasema timu yetu imeondolewa.

"Kwa kanuni gani?" nikauliza.

"'Drive', Blenkin, inahitaji dereva. Ulikuwa wapi?"

"Nyuma. Nikikimbia."

Umati ulicheka. Acha wacheke. Nimekata rufaa. Mpokea rufaa ni Bi Garside.

Jumapili, 12 Julai

Doreen yuko kwa dada yake. Norris kaniletea ujumbe, akiwa amesimama mbali na mimi: mke wangu atarudi leo leo nikienda kumwambia, "Samahani, nilikusukuma bwawani." Basi. Hataki zaidi.

Nyumba kimya mno. Viazi vyake bado viko kwenye sufuria. Nilivaa suruali nzuri, nikachuma maua ya jirani, nikaenda kwa dada yake kwenye mvua. Dirisha la juu likafunguliwa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umelainika. Nilimwona mke wangu yule yule. Nilitaka arudi, sikatai.

"Doreen mpenzi," nikasema, "samahani."

Akatabasamu.

"Ila sikukusukuma. Kusukuma ni mguso. Mimi sikukigusa kitanda, na huo ndio ukweli wa..."

Nilipofika kwenye mfano wa msumari, dirisha likafungwa. Dada mtu akalifungua tena, akamwaga maji ya vyombo.

Nikamalizia maelezo kwa sauti kubwa zaidi, ili yafike ndani. Hakuna aliyejibu. Hata mmoja! Nimerudi nimelowa chapachapa, nimekula maharage ya kopo bila kuyapasha moto, nimesimama wima jikoni. Wote wawili, ingawa dada mtu ni karani wa mahakama, wameshindwa kuipinga hoja yangu.