Rimu Zilizoachika Mara Kumi na Moja

Injinia hakuwa injinia. Hakuwahi kufungua nati hata moja kwa mkono wake. Jina alijipa mwenyewe, na watu wa mtaa wakamwachia kwa kuwa kubishana naye kulichosha. Duka lake lilikuwa kibanda kando ya barabara, na mali yote ya duka ilikuwa seti moja: rimu nne za inchi kumi na nane, zinazong'aa mpaka unajiona meno, zimevishwa matairi manene. Rimu hizo alikuwa ameshaziuza mara kumi na moja.

Masharti yake yalikuwa matamu kuliko asali. Lipa nusu, tembea siku saba. Rimu zisipogusa gari popote, ni zako, na nusu ya pili umesamehewa. Zikigusa, unazirudisha, na nusu uliyotoa usiiulize. Magurudumu yako ya zamani yanakaa kibandani kama dhamana. Mwenye akili angejiuliza kwa nini mtu mzima anagawa mali yake, lakini wenye akili hawakuwa wateja wa Injinia. Mteja wake alihesabu matundu ya nati, akaona ni matano kwa matano, akaondoka kifua mbele. Kona ya kwanza, mke na watoto wamo ndani, tairi linakwaruza madigadi: kwaru, kwaru. Kabla ya wiki kwisha rimu zimeachika, zimerudi nyumbani.

Kwa nini ziligombana na kila gari, Injinia hakujua wala hakujisumbua kujua. Aliamini zina nuksi, na aliipenda nuksi hiyo kwa kuwa ndiyo iliyomlisha.

Asubuhi moja akamwona fundi cherehani akishuka kwenye gari dogo safi, mama wa makamo, futi kamba shingoni, nyuzi zimemganda kwenye gauni. Akaenda moja kwa moja kuzipapasa rimu. Injinia akameza mate. Huyu, alijiambia, amejileta mwenyewe.

"Karibu, mama. Hizi zilikuwa zinakungoja wewe tu."

"Mwanangu, mimi magari siyajui. Zitaingia kweli?"

"Matundu matano, nati tano. Hiyo ni ndoa ya halali, mama."

"Na siku saba zikipita bila kugusa, rimu ni zangu?"

"Mbele ya mashahidi!" Injinia akamwita bwana bucha wa jirani, kama kawaida yake, maana wateja wa nyuma walizoea kubisha. Mama akatoa nusu, akafungiwa rimu, akaenda zake polepole. Injinia alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya saba gari likarudi. Injinia akatega sikio. Kimya.

"Umeendesha gari tupu!" akang'aka. "Gari tupu haligusi. Lipakie watu kwanza!"

"Lipakie wewe, mwanangu. Gari hili hapa."

Akamwita fundi viatu wa jirani, akampakia mbele. Nyuma akamsukumia bwana bucha, mwenye mwili wa kutosha watu wawili, na mkewe, ambaye kwa unene hakuachwa mbali. Akabeba magurudumu manne ya zamani ya mama, akayatupia kwenye buti kwa mikono yake. Gari likaketi.

"Kata usukani mpaka mwisho! Panda tuta!"

Akapiga magoti mavumbini, sikio limeelekea gurudumu. Gari likapanda tuta, likashuka, likazunguka kushoto, likazunguka kulia. Hakuna kwaru. Hapo ndipo alipoyaona matairi: membamba, yamekumbatia rimu kwa karibu.

"Umebadilisha matairi!"

"Masharti yako yalisema rimu. Manene yako yapo kwa bwana bucha, sikuiba." Mama akaning'iniza mkono dirishani. "Nguo ukiirefusha juu, chini unapunguza, maana mvaaji ni yuleyule. Rimu ikikua inchi tatu kuliko ya zamani, ubavu wa tairi lazima upungue. Wewe umekuza rimu na tairi ukaliacha nene. Nililipima gurudumu lako kwenye gari la shemeji yangu, yule uliyemla mwezi jana. Lilizidi la kwake kwa sentimita saba, kutoka chini hadi juu. Unamvalisha mtu kanzu ya jitu, halafu unashangaa anajikwaa?"

Watu wakaangua kicheko. Injinia akaona riziki yake yote inataka kuondoka kwa magurudumu manne, akashikwa na wazimu.

"Uzito hautoshi!" Akafungua mlango, akajipenyeza katikati ya bwana bucha na mkewe. "Nenda! Kwa mwendo! Zitagusa tu!"

Mama akatia gia. Wakapita mashimo, wakapita matuta mawili, wakakata kona tatu. Injinia alirukaruka kwenye kiti kusaidia. Gari liliteleza kimya.

"Umesikia nini, mwanangu?"

Bwana bucha akamkandamiza kidogo kwa bega.

"Sijasikia kitu," akasema Injinia.

"Rimu za nani?"

"Zako, mama." Sauti ilikuwa karibu na kilio. "Nishushe basi."

"Vumilia kidogo. Tunapitia kwa shemeji. Anakungoja na wenzake kumi, kila mmoja ana swali kuhusu nusu yake." Mama akakata kona ya nne. "Na wewe bwana bucha, mshike vizuri, barabara hii ina mashimo."