Chombo Kimeanguka Uani Kwangu

Jumatano, tarehe 4 Machi

Mkutano wa hadhara leo, uwanja wa shule. Nimekaa mbele, kiti nimekuja nacho mwenyewe. Mkuu wa eneo kasema Jumamosi nchi yetu inarusha chombo angani, cha kwanza, kutoka huko jangwani. Na kile kituo cha mlimani, chenye ungo mkubwa kuliko nyumba, ndicho kitakachokisikiliza. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono niliifumbata.

Mume wangu yuko zahanati, kitanda cha dirishani. Mapafu yamekwisha kwa vumbi la saruji aliyopakia ujana wake wote. Anaishi kwa mashine ya kumpa hewa. Mashine ipo, umeme hamna. Transfoma ya zahanati iliungua, wakasema bajeti haijaruhusu. Basi tunawasha jenereta ndogo, petroli tunajinunulia. Ikizimika, Mzee hufungua mdomo kama mtu anayetaka kusema kitu asikikumbuke. Mlimani taa zinawaka mchana kweupe.

Nikasimama. Nikauliza: huko juu mnasikiliza chombo, huku chini nani anamsikiliza Mzee wangu? Mhandisi wa kituo, kijana wa miwani, ana adabu, akaniita bibi. Akasema chombo kitatuonyesha mafuriko kabla hayajafika, kitaokoa wengi, hata mimi. Nikamwambia mafuriko yakifika nitayaona mwenyewe, huwa yanapitia mlangoni. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema mwaka juzi yalipitia mlangoni watu wakiwa wamelala. Hapo nikajifanya nakohoa.

Nimerudi nyumbani na mpango. Waya mmoja tu, kutoka mlimani hadi zahanati. Nitaupata.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Jirani yangu ni Bi Marashi. Tunamwita hivyo kwa sababu hunukia kabla hajafika. Mwanawe kaajiriwa mlimani, na tangu hapo bombani hatupumui. Kutwa yeye na hilo lake: mwanangu yuko kwenye vyombo. Vyombo vya serikali, shoga, si mchezo.

Nimemeza kiburi changu, na si kidogo. Nimempelekea mayai. Nimemwita dada. Nimemwomba mwanawe aseme na wakubwa habari ya waya. Bi Marashi akajivuta kwenye kiti, akasema ataona, maana mwanawe ana shughuli nyingi na hivyo vyombo.

Kumbe kijana mwenyewe yuko chumba cha pili. Akatoka, akaniamkia, akasema kwa upole: bibi, mimi naosha vyombo. Sahani na vikombe, jikoni kwao.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia Bi Marashi basi mwanao akishuka kutoka angani na sabuni yake, apitie kwangu, nina masufuria. Nikabeba mayai yangu. Yeye akasema iko siku na yeye atacheka. Labda.

Ila mpango umekufa.

Adhuhuri jenereta ilizimika Mzee akiwa na tonge mdomoni. Binti yangu ndiye muuguzi wa zahanati. Alilivuta lile tonge kwa kidole, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga.

Wakati wa kurudi nikaona tangazo mlangoni mwa duka. Atakayeona sehemu ya chombo iliyoanguka asiiguse, apige simu namba hii. Nimesoma polepole, kusoma kwangu si kwa kukimbia. Nikarudia lile neno, chombo. Nikatabasamu peke yangu.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Wamerusha. Mtaa mzima ulijazana kwa kinyozi mwenye televisheni. Chombo kikapanda, moshi mwingi. Bi Marashi akalia kama amekizaa yeye.

Mimi nilikuwa uani. Nimechukua sufuria langu la zamani lililong'oka vishikio. Nimelichoma kwenye makaa mpaka likawa jeusi ndani na nje. Nimelipiga nyundo mpaka likasahau umbo lake.

Mpango ni huu. Nitapiga simu. Watakuja wakubwa wenyewe, na magari. Nitawashika mkono, niwavushe njia, zahanati iko pale pale. Watamwona Mzee anavyofungua mdomo. Mtu mwenye haya atalala vipi baada ya hapo? Waya utavutwa kabla ya mwisho wa wiki.

Nimemweleza Mzee. Akanitazama, akakusanya pumzi, akasema mke wangu, acha. Nikamwambia apumzike, maneno yanakula hewa.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Nimepiga simu asubuhi. Nikasema chombo kimeanguka uani kwangu. Sikusema uongo. Sufuria ni chombo. Na lilianguka, nililiangusha mwenyewe.

Wakaja. Magari mengi. Watu wamevaa nguo nyeupe toka utosini, nyuso zimefunikwa, ungedhani wanakwenda kulina asali. Wakalifunika sufuria langu kwa turubai. Wakafunga kamba kuzunguka mtaa. Nikaanza kuwaeleza habari ya Mzee, wakaniambia nikae kwenye kiti nijibu ninachoulizwa. Kilianguka lini. Kilitoa harufu gani. Nimekigusa?

Kisha mkubwa wao akatangaza kwamba mafuta ya chombo ni sumu, kila aliye karibu aondoke mpaka wapime. Nyumba zote. Na zahanati.

Hilo la zahanati sikulipigia hesabu.

Wagonjwa wakapelekwa shuleni, wengine mgongoni. Watu tu, hakuna kubeba kitu, maana vitu hubeba sumu. Mashine ikabaki. Binti yangu akaja mbio mpaka kwenye kamba, sare imelowa jasho. Akawaambia baba yake hawezi bila ile mashine. Wakamwambia ni amri. Akawaomba. Sijawahi kumsikia mwanangu akiomba. Kisha akageuka, akanitazama kule kitini. Akasema Mama, kama kuna jambo, sema.

Bi Marashi alikuwa amesimama pembeni yake, leso puani, masikio wazi.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Sufuria. Lilinifika kwenye ulimi. Ila nikamwona Bi Marashi anavyosubiri, nikaona atakavyonicheka bombani mpaka kiama. Na wenye waya, wakubwa wa mlimani, walikuwa hawajafika bado. Nikasema tungoje kwanza wakubwa.

Binti yangu akakimbia kurudi shuleni.

Tukangoja. Jua likahama. Alasiri akafika yule mhandisi wa miwani. Akainua turubai, akaligeuza sufuria kwa kijiti. Chini yake kuna namba, ile wanayopiga kiwandani kuonyesha ukubwa. Akaisoma. Akavua kofia nyeupe, akanitazama, hakunigombeza. Akasema fungueni kamba.

Bi Marashi alicheka, kama alivyoahidi.

Mzee nilimkuta darasa la kwanza, juu ya madawati yaliyounganishwa. Ukutani picha za herufi, a na picha yake, ba na picha yake. Binti yangu alikwisha kumfunga taya kwa kitambaa.

Bi Marashi alinifuata nyuma. Alikuwa ameacha kucheka.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Tumezika. Polisi walikuja, wakasema wangeniweka ndani kwa kuleta taharuki, ila nina msiba. Nikawauliza kama wanataka chai au wanataka kunisumbua. Wakanywa chai.

Mhandisi naye alikuja, akasimama nyuma na watu wa mtaa. Baadaye akaniambia yeye mwenyewe aliwahi kuwaandikia wakubwa kuhusu waya, zaidi ya mara moja. Wakamjibu fungu la anga ni la anga, halishuki chini. Nikamwambia angeandika kwa herufi kubwa. Akainamisha kichwa. Bado anaamini kile chombo kitaokoa watu. Nikamwambia akiokoe kwanza kitanda kimoja, ndipo aje na habari za mafuriko.

Bi Marashi kapika chakula chote cha waombolezaji. Chumvi ilizidi. Nilimwambia.

Ndala za Mzee ziko mlangoni. Shangazi mmoja alitaka kuziondoa, nikamwambia aondoke yeye.

Binti yangu anawaambia watu baba yake alikufa kwa kifua. Mimi haniambii kitu.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Mkuu wa eneo kaja kutoa pole. Kakaa, kakohoa, kasema serikali imeguswa sana na tukio hili na imetoa fedha haraka. Nikamtazama binti yangu, nikaona hata yeye ameinua uso. Mkuu akaendelea. Fedha ni za uzio wa kituo cha mlimani, na king'ora, na simu mpya ya kupokea taarifa, ili watu wasirudie upuuzi. Zahanati je? Bajeti haijaruhusu.

Alipoondoka nikamwambia binti yangu tusikate tamaa. Nimefikiri siku zote hizi. Kosa lilikuwa moja tu, ile namba ya chini. Ningeisugua kwa mchanga, leo tungekuwa na waya. Na sufuria lilikuwa dogo. Kwa simu mpya bila shaka watakuja upesi zaidi.

Akasimama, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Nikamfuata. Kitanda cha dirishani sasa kina fundi cherehani wa sokoni, naye kifua, mashine ile ile, jenereta ile ile. Mke wake anapepea kwa kipande cha boksi. Nikamshika fundi mkono. Nikamwambia asiwe na hofu, mambo yake nayashughulikia mwenyewe.

Macho yakamtoka. Akauvuta mkono wake, akawa anamtafuta muuguzi.