Habari za Verna Lahti, Aliyepanda Ngazi Kumi na Tisa Kuuliza Swali Moja

Sogeeni, enyi wenye masikio na hata wenye vifaa vya masikio, mpate habari za Verna binti Lahti, mwenye miwani ya mnyororo, mlinzi wa misimbo katika zahanati ya Bonde la Harlow kule Idaho, aliyekaa miaka ishirini na miwili katika chumba cha chini akigeuza maneno ya madaktari kuwa tarakimu, bila kumpunguzia mtu ugonjwa wala kumwongezea. Siku ya vita vyake ilikuwa Ijumaa, na adui alikuwa fomu.

Fomu ile ilikuwa ya Tilly Zanetti, wa miaka minne, ambaye tumbo lilimuuma kila siku na maneno aliyokwisha kuyajua yalianza kumpotea. Daktari alikuwa ameomba apimwe damu na ua wa kwao ukaguliwe, na bima ilikuwa imeirudisha fomu mara mbili, ikisema kwamba vumbi si sababu. Isiporekebishwa kabla ya saa sita mchana, faili lingefungwa, na Tilly angeendelea kuchezea udongo uleule.

Maana watu wa bonde lile, ambao baba zao waliyeyusha madini katika tanuru moja, hawakitaji kilichowadhuru. Husema “vumbi”, kisha huuliza habari za mvua. Naye Dokta Garth Tregoning, mwana wa tanuru, aliandika “vumbi” kwa moyo mweupe, akidhani dunia nzima inaelewa. Na sheria ya walinzi wa misimbo ni kali: mlinzi haandiki anachokijua, huandika alichoandika daktari, tena akimuuliza ni marufuku kumtia jibu mdomoni.

Basi saa tano na nusu Verna akajitwika fomu, akazipanda ngazi zote kumi na tisa, na goti lake la kushoto likilalamika njia nzima, akamkuta Dokta katika jiko la zahanati amejizatiti nyuma ya kipande cha pai.

“Dokta, kwa Tilly umeandika vumbi. Naomba ufafanue ni vumbi la kitu gani, kama kinajulikana.”

“Kwani umehamia lini hapa, Verna? Jana?”

“Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka kwenu. Ni la kitu gani, kama kinajulikana?”

“Baba yako kafa nalo hilo vumbi. Sema wewe.”

Neno likamfika Verna kwenye meno. Akakumbuka utotoni, mama yake akikung'uta ovaroli ya baba barazani, na yeye na dada yake wakicheza chini ya vumbi lile, wakicheka. Akalimeza lile neno, akasimama wima, akanena.

“Nikisema mimi, ni porojo za mwanamke wa chumba cha chini. Ukiandika wewe, ni ushahidi. Huko mjini anayesoma fomu hajaliona tanuru letu. Akisoma vumbi anadhani mama Tilly hafagii. Tumelificha jina hili ili baba zetu wasionekane wajinga, na hawakuwa wajinga, walikuwa na watoto wa kulisha. Sikuambii uandike nini. Nimekuuliza mara mbili, hii ya tatu, kisha nashuka zangu.”

Dokta akaweka uma chini. Akavuta kalamu, akaandika: madini ya risasi, kutoka tanuruni. Akatia sahihi.

“Nilidhani mzee wangu atafufuka anizabe kibao,” akasema.

“Hajafufuka,” Verna akamjibu, akaichukua fomu.

Akashuka kwa kasi ambayo goti lile halikuijua tangu ujana, akaketi, akapiga herufi moja na tarakimu tano, msimbo wa madini yale. Saa sita kasoro dakika mbili bima ikajibu kwamba imekubali.

Basi vizazi vijue: katika mwaka wa mia moja na tatu tangu tanuru lile liwashwe, na wa arobaini tangu lizimwe, Bonde la Harlow lilimtaja adui wake kwa maandishi, chini yake pakawa na sahihi. Tarumbeta haikupigwa. Verna alimpigia simu mama Tilly, akamwambia amlete mtoto Jumatatu saa mbili asubuhi apimwe damu, amevaa shati la mikono mifupi.